Mtoto Mpole Mpimeni Damu
(Mhadhara kwa wazazi, Ujiji)

Wazee wangu, shikamooni. Akina mama, habari za kutwa.

Walimu waliniita nizungumzie usumbufu wa watoto darasani. Mimi nitazungumzia chakula, mtanivumilia.

Kuna mtoto tunayemsifu: hachezi, hadai kitu, ukimketisha ukutani unamkuta palepale. "Mpole huyu, kamfuata babu yake." Mpelekeni kwanza kliniki apimwe damu. Ubongo unaokua unahitaji madini chuma. Yakipungua, ule utando wa mafuta unaozunguka nyuzi za neva na kuharakisha taarifa haujengeki vizuri. Mtoto anachelewa kuitikia, anachoka upesi. Mwingine anakuwa kinyume chake, analialia, hatulii, kila saa ugomvi. Huyo tunamchapa. Fimbo haiongezi damu.

Mtoto akifika miaka miwili, ubongo wake umeshafikia kama asilimia 80 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Ndiyo maana manesi hawachoki kuhubiri siku 1,000 za kwanza, tangu mimba. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Kimo utakiona kwa macho. Ya kichwani utayajua akishaanza shule.

Sasa tuje kwetu. Uji wa muhogo mtupu unashibisha, haujengi. Dagaa wanapakiwa Kibirizi kwenda mikoani, huku mtoto wa mvuvi anashushia ugali kwa chai ya rangi, na chai hiyo inauzuia mwili kufyonza madini chuma! Mtoto akitimiza miezi sita, sageni dagaa na vichwa vyao, mtie kwenye uji pamoja na mawese kidogo. Mawese yasichemshwe mpaka yakapoteza wekundu, vitamini A inapotea. Chumvi, hata ya Uvinza, ulizeni kama imetiwa madini joto. Yakikosekana wakati wa mimba, akili ya mtoto hudhurika.

Akina baba, nanyi mna kazi. Kingston, Jamaika, watafiti waliwafuatilia watoto waliodumaa, wakachapisha matokeo mwaka 1991. Waliopewa lishe waliendelea, waliochezeshwa na kuongeleshwa waliendelea, waliopata vyote viwili wakawapita wote. Kucheza na mtoto hakuhitaji pesa.

Mizani iko pale nyuma, tuanze na wachanga. Naam, bibi? Dagaa wenye mchanga? Waoshe, uwaanike tena wakauke, ndipo usage.