Umefilisika Marekani? Geuza ukurasa wa pili

Mambo vipi watu wangu wa Dar, Arusha, Mwanza, na nyie wa Mombasa nawaona pia. Leo tuko sebuleni tu, nje hapa Minnesota baridi haina huruma.

Kila nikienda laivu mnaniuliza: eti Marekani madeni yakikuelemea unakwenda mahakamani, unatangaza umefilisika, unaanza upya? Ni kweli, wenyewe wanaita Chapta 7. Bili za hospitali na kredit kadi kwa kawaida zinafutwa. Ila ile hati ya mahakama ya kukufutia madeni ina kurasa mbili, na watu husherehekea ule wa kwanza.

Geuza. Wa pili unataja yanayobaki: matunzo ya watoto na ya mtalaka wako, kodi nyingi za serikali, faini, fidia ya mtu uliyemgonga ukiwa umelewa. Hayo sina ugomvi nayo. Huwezi kumwambia mtoto baba kafilisika, kwa hiyo usile.

Linaloniuma ni mkopo wa chuo. Ili ufutwe unafungua kesi nyingine juu ya ile ya kufilisika, uthibitishe kwamba kuulipa kutakutesa kupita kiasi. Mwaka 2005 sheria ilikazwa, mikopo mingi ya chuo ya kampuni binafsi nayo ikabanwa hivyohivyo. Mwaka 2022 serikali ilirahisisha kidogo, lakini kwa mikopo ya serikali kuu tu, ambayo mwanafunzi wa viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hapewi! Yeye anakopa kampuni binafsi, na mara nyingi wanamtaka alete mdhamini, raia au mwenye green card. Nani huyo? Shangazi. Au mzee wa kanisani.

Sasa ukurasa uleule unasema wazi kwamba wewe kufutiwa deni hakumzuii mdai kumfuata aliyekudhamini. Liwe hata la gari. Simu zako zinanyamaza, za shangazi ndiyo kwanza zinaanza. Nyie wa Saccos hili mnalijua vizuri, mdhamini analipa huku mkopaji anapiga picha ufukweni.

Na gari lenyewe, kama uliliweka dhamana, usipolilipia brekdauni inakuja kulivuta, hata kama deni umefutiwa.

Ila sheria haikukatazi kuendelea kulipa kwa hiari deni lililofutwa. Nawajua wanaolipa kimyakimya kila mwezi. Mahakama imewasamehe, sawa, lakini shangazi watakutana naye msibani.