Shamba, Kiarabu na riwaya za Algeria

Jamani sogeeni mbele, viti vipo. Leo ni riwaya za Kiarabu za Algeria, ila lazima nianzie shambani, mnivumilie.

Wafaransa waliingia 1830 wakatoka 1962, miaka 132, ardhi nzuri wakawapa walowezi na Kiarabu wakakisukuma pembeni mpaka 1938 ikatoka amri kukihesabu lugha ya kigeni, yaani uko kwenu halafu lugha yako ndo mgeni! Ndo maana waandishi wakubwa wa enzi za vita vya uhuru wengi waliandika Kifaransa, shule waliyoipata ndo hiyo. Baada ya uhuru hata walimu wa Kiarabu ikabidi waletwe toka Misri na Syria. Kwa hiyo riwaya ya Kiarabu ilichelewa, wengi wanasema ya kwanza iliyokomaa ni Rih al-Janub, yaani Upepo wa Kusini, ya Abdelhamid Benhedouga, 1971.

Sasa mwaka huohuo serikali ya Boumediene, mkuu wa nchi, ikatangaza mapinduzi ya kilimo, wenye mashamba makubwa wapunguziwe wapewe wasio nacho. Na kwenye riwaya kuna mzee mwenye ardhi anataka kumwoza binti yake Nafisa, mwanafunzi wa Algiers, kwa meya wa kijiji, ili mashamba yasiguswe. Binti hataki, anatoroka.

Halafu 1974 Tahar Ouettar anatoa al-Zilzal, yaani Tetemeko, na hii ndo naipenda mie. Boularouah, mwalimu mkuu, anaenda Constantine, mji wa madaraja, kusaka ndugu ambao miaka yote hakuwajali, eti aandikishe ardhi kwa majina yao serikali isiione. Joto kali, mji umefurika watu wa vijijini, anazunguka daraja hadi daraja na ndugu anaowaulizia hawamfai tena, dunia imeshawageuza. Basi anasoma aya za Kiama, anaomba tetemeko liwameze wote, mwisho akili inamruka.

Wapo wanaosema kule Kifaransa ni cha maendeleo na Kiarabu ni cha msikitini. Ouettar alisoma Zaytuna, chuo cha Kiislamu kule Tunis, na alikuwa mjamaa kabisa. Kamchukua huyu Boularouah, msomi wa dini, mwenye Kiarabu safi na ubahili wake, akamwanika kwa Kiarabu hichohicho. Angeandika Kifaransa, akina Boularouah wangesema tu hao ni watoto wa Mfaransa, yameisha. Hapa hawana pa kukimbilia.

Tafsiri ya Kiingereza ipo, na kitabu si kinene. Haya, nani ana swali?