Emacs Inaganda Ukiandika? Leo Tunamfuata Mzoa Taka

Karibuni tena wadau. Leo sina slaidi. Nina skrini tu, na Emacs, programu yangu ya kuandikia maandishi, iliyonitesa wiki nzima. Angalia kishale pale juu. Naandika, naandika... kimesimama. Herufi hazitokei. Haya, sasa zimemwagika zote kwa mkupuo. Umeona? Kama na kwako iko hivi, usikimbilie kubandika mstari uliouokota mtandaoni. Nami niliubandika, na nitakuonyesha ulinifanya nini.

Kwanza tuelewane nani anasimamisha kazi. Kila unapobonyeza kitufe, Emacs inatengeneza vitu vidogo vidogo kwenye kumbukumbu, na vingi vinatumika mara moja basi. Vikirundikana, mzoa taka (kwa Kiingereza garbage collector, au GC) anaingia. Akiingia, hakuna kinachoendelea. Ni kama gari la taka likiingia kichochoro cha uswahilini: bodaboda asubiri, mama wa mkokoteni asubiri, mpaka limalize.

Lakini huyu mzoa ana tabia moja ya ajabu. Hatafuti taka. Anapita nyumba nzima na chaki mkononi, anaweka alama kwenye kila kitu kinachotumika, kisha anafagia visivyo na alama. Maana yake ni kwamba mwenye mali nyingi ndani atamsubiri sana, hata kama taka zake ni kiganja kimoja. Shika hapo, maana kesi yangu iliishia hapohapo.

Hatua ya kwanza ni kuhakikisha kwamba mhalifu ni yeye kweli. Bonyeza Alt pamoja na nukta pacha, kisha andika hivi:

(setq garbage-collection-messages t)

Piga Enter, rudi kwenye kazi yako. Sasa kila akianza kuzoa utaona maneno Garbage collecting pale chini kabisa ya skrini. Fanya kazi dakika tano ukiwa na jicho huko. Kishale kikiganda na maneno yakatokea wakati huohuo, tumemkamata. Kikiganda bila maneno, mwachie mzoa wa watu; tafuta kwingine, labda faili lenye mstari mmoja mrefu kama reli, au diski ya mtandao inayosuasua.

Ukitaka ushahidi mzito zaidi, piga Alt na x, andika profiler-start, chagua cpu. Fanya kazi mpaka igande mara mbili tatu, halafu profiler-report. Tafuta mstari ulioandikwa Automatic GC. Kwangu hapa, unauona, umekula zaidi ya nusu ya muda wote. Ungekuwa na asilimia tatu au nne ningefunga rekodi nikaenda kulala.

Hatua ya pili, na hii ndiyo watu wengi wanairuka. Kuna namba mbili ambazo Emacs inazihesabu tangu ulipoiwasha. Bonyeza Ctrl na h, achia, kisha v, andika gcs-done. Hiyo ni idadi ya mara alizozoa. Rudia kwa gc-elapsed, hizo ni sekunde zote alizotumia. Kwangu tangu asubuhi: mara 212, sekunde 148.4. Gawanya. Sekunde 0.7 kila mara.

Tulia na hiyo namba. Mtu mwingine anaweza kuwa na mara 9,000, kila moja sekunde 0.04. Wote wawili watakwambia "Emacs yangu nzito", lakini ni wagonjwa wawili tofauti. Huyu wa pili anazolewa mara nyingi mno kidogo kidogo, anahisi kishale kinakwaruza. Mimi nazolewa mara chache, ila kila mara ni kama umeme umekatika.

Tummalize huyu wa mara nyingi kwanza, maana dawa yake ni nyepesi. Kuna kizingiti kinaitwa gc-cons-threshold. Emacs inakuja nacho kikiwa baiti 800,000, kwa hiyo ukitengeneza vitu kama vya kiasi hicho, mzoa anaitwa. Pembeni yake kuna gc-cons-percentage, 0.1, inayomwambia asubiri mpaka kitengenezwe kiasi cha sehemu ya kumi ya vilivyopo. Kati ya hivyo viwili, kilicho kikubwa ndicho kinachofuatwa. Kwa kompyuta za siku hizi 800,000 ni kidogo. Weka megabaiti 32:

(setq gc-cons-threshold 32000000)

Halafu rudi kwenye profiler-start, safari hii uchague mem, ujue ni programu ipi inayozalisha taka kiasi hicho. Mara nyingi ni ile inayokukamilishia maneno unapoandika.

Sasa mimi. Bonyeza Ctrl na h, kisha v, gc-cons-threshold. Kabla sijarekebisha, hapa palisomeka: 2305843009213693951. Umeshtuka eh? Hicho ndicho kile kistari cha mtandaoni. Wanaokiandika wanataka Emacs iwake haraka, kwa hiyo wanapandisha kizingiti mpaka mbinguni, kisha mwishoni mwa faili ya mipangilio wanakirudisha chini. Mimi nilinakili nusu ya kwanza tu. Kwa hiyo mzoa wangu akawa haitwi karibu kabisa, taka zikajaa mpaka kompyuta ya gigabaiti 4, yenye kivinjari kimefunguliwa pembeni, ikaanza kuhamishia kumbukumbu kwenye diski. Ilipofika zamu ya kupita na chaki, vitu vingine vilikuwa kwenye diski, na ilibidi virudishwe kimoja kimoja ili viwekwe alama. Kwenye Linux fungua terminali uandike vmstat 1, uangalie safu za si na so wakati Emacs imeganda. Zisipokuwa sufuri, unacho hiki ninachokisema.

Nikarudisha kizingiti kwenye megabaiti 32. Diski ikatulia. Lakini sekunde 0.7 hazikuondoka, na hapo ndipo namba 212 mliyoiona ilipotoka, baada ya kurekebisha. Kizingiti kinapanga lini mzoa aje. Hakimpunguzii vitu vya kuweka alama.

Kwa hiyo tutazame mali. Kama una Emacs 28 au ya mbele zaidi, piga Alt na x, andika memory-report. Subiri kidogo. Shuka mpaka kwenye bafa kubwa; bafa ni nafasi ambayo Emacs inashikilia kila faili au programu uliyoifungua ndani yake. Hili la kwanza ni faili la kawaida la maandishi, megabaiti 50, na ungedhani ndilo. Silo. Maandishi yenyewe mzoa hayapekui. Anachopekua ni mapambo yaliyobandikwa juu yake: rangi, alama, vibandiko vya kila aina. Sasa tazama la pili: bafa la shell, yaani sehemu ya kuandikia amri za kompyuta, niliyoiacha ikiendesha majaribio tangu Jumatatu, kila mstari na rangi yake, kijani, nyekundu, njano. Maelfu kwa maelfu ya vipande.

Orodha ya ripoti inajumlisha maandishi na mapambo; ukitaka yatengwe, bonyeza jina la bafa. Ila muda tupime wenyewe, kwa Alt na nukta pacha kama mwanzo:

(benchmark-run 1 (garbage-collect))

Namba ya kwanza: 0.71. Sasa Ctrl na x, kisha k, naua bafa la shell. Pima mara mbili, maana mara ya kwanza anabeba lile bafa lenyewe. Ya pili... 0.09. Haya. Nalifunga na lile faili la megabaiti 50, napima: 0.09 vilevile.

Kuua bafa kila siku ni kazi ya kijinga, kwa hiyo kwenye init.el, ile faili ya mipangilio, naongeza mstari mmoja:

(add-hook 'comint-output-filter-functions 'comint-truncate-buffer)

Kuanzia hapo shell inabaki na mistari 1,024 ya mwisho, ya zamani inakatwa. Ukihitaji zaidi, namba yenyewe iko kwenye comint-buffer-maximum-size.

Na kabla hujaniuliza kuhusu gcmh: ni kifurushi kizuri, kinamsubirisha mzoa mpaka uache kuandika, aje wakati unakunywa chai. Ila kikikukuta na kompyuta ndogo, kizingiti chake cha juu ni gigabaiti 1, kishushe. Na kama kila uzoaji wako ni sekunde nzima, utarudi na kikombe chako umkute bado yuko mlangoni.

Acha ile garbage-collection-messages ikiwa t mpaka kesho jioni. Kabla ya kufunga Emacs soma tena gcs-done na gc-elapsed, ugawanye.