Hisabati ya Kidato cha Kwanza: Mazungumzo na Wazazi na Wanafunzi Wapya

Ndugu wazazi na walezi, walimu wenzangu, na ninyi wanafunzi wetu wapya wa Kidato cha Kwanza, nawashukuru kwa kuitikia wito wa shule katika mwezi huu wa Januari, ambapo najua wengi wenu mmeacha palizi shambani ili mje kukaa nasi. Nimepewa nafasi ya kueleza jinsi tutakavyofundisha somo la Hisabati mwaka huu, nami nitaanza na kosa moja, kwa kuwa nimelikuta katika madaftari ya Kidato cha Kwanza karibu kila mwaka niliofundisha.

Mwanafunzi anaulizwa nusu ukijumlisha na robo ni ngapi, naye anaandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Amejumlisha namba za juu, moja na moja, akapata mbili. Kisha amejumlisha za chini, mbili na nne, akapata sita. Mwandiko ni mzuri, mstari umepigwa kwa rula, lakini jibu si sahihi. Mtoto huyohuyo ukimtuma dukani akanunue nusu kilo ya sukari, halafu ukamwita na kumwambia aongeze robo, atarudi na robo tatu, na muuzaji akimpunja atagundua kabla hajatoka dukani. Tena 2/6 ni sawa na theluthi moja, na theluthi ni ndogo kuliko ile nusu aliyoanza nayo. Yaani kwa mujibu wa daftari lake, ameongeza sukari na sukari ikapungua. Dukani asingeikubali hesabu hiyo hata kidogo. Darasani ameikubali kwa sababu, mahali fulani njiani, aliaminishwa kwamba namba za daftarini ni kitu kimoja na namba za dukani ni kitu kingine.

Basi kazi yangu kubwa mwaka huu ni kuzirudisha namba hizo pamoja, na nawaomba wazazi mnisaidie, pamoja na wale wanaodhani hawana msaada wowote wa kutoa kwa kuwa waliishia darasa la saba.

Kikwazo cha kwanza tutakachokutana nacho ni lugha. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za serikali hapa Tanzania zimekuwa zikifundisha kwa Kiswahili, na mtoto akivuka kwenda sekondari anakuta masomo karibu yote yanafundishwa kwa Kiingereza. Mwanafunzi wa darasa la saba anaijua KDS, kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika bila baki kwa kila namba uliyopewa. Anaijua MAGAZIJUTO, kwamba mabano hutangulia, kisha kugawanya, kuzidisha, kujumlisha na kutoa. Anajua namba tasa, na jina lenyewe linamsaidia kukumbuka, kwa kuwa namba hiyo haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kama kiumbe kisicho na uzao. Mambo hayo yote yanamsubiri Kidato cha Kwanza yakiwa yamevaa majina mengine, naye anayapita bila kuyatambua.

Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu lilinipata. Wiki yangu ya kwanza sekondari, mwalimu aliandika ubaoni swali la KDS ya 12 na 18, akitumia jina la Kiingereza. Jibu ni 36, na ningeweza kulipata kichwani bila kushika kalamu. Lakini sikujua ninaulizwa nini, niliogopa kuuliza kwa sababu aliyeuliza kabla yangu alichekwa, na nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamini kwamba Hisabati ya sekondari si ya watu kama mimi. Ilinichukua muhula mzima kugundua kwamba nilichokosa kilikuwa jina tu.

Kwa hiyo katika darasa langu kila mwanafunzi ataacha kurasa sita za mwisho za daftari lake na kuzigawa katika safu tatu: jina la Kiswahili alilolijua shule ya msingi, jina la Kiingereza atakalolikuta kwenye mtihani, na mfano mmoja alioufanya kwa mkono wake. Nitafundisha kwa Kiingereza kama utaratibu unavyonitaka, na pale maana itakapopotea nitaeleza kwa Kiswahili bila kuona haya, kwa sababu mtoto hawezi kukariri njia ya kwenda mahali asipopajua. Wanafunzi waliosoma shule za msingi za mchepuo wa Kiingereza nao watazijaza safu hizo, wakianzia upande wa pili.

Jambo la pili ni hatua. Shule ya msingi mtoto amezoea maswali ya kuchagua jibu. Katika mtihani wa kumaliza darasa la saba, sehemu kubwa ya kazi yake ni kuweka kivuli kwenye herufi, na msahihishaji hana njia ya kujua alifikaje hapo. Sekondari mambo yanageuka. Swali linabeba alama kadhaa, na alama hizo hugawanywa kwa hatua, hivi kwamba mwanafunzi aliyekosea kuzidisha mwishoni, lakini njia yake ilikuwa sahihi, hupata sehemu ya alama zake, ilhali aliyeandika jibu tupu anaweza kuzikosa hata kama jibu lenyewe ni sahihi. Hisabati imekuwa kwa miaka mingi miongoni mwa masomo yenye ufaulu wa chini kabisa katika mtihani wa Kidato cha Nne, na watahiniwa wanaofaulu hawafiki nusu, wakati kwa madaraja yanayotumika sasa daraja D, ambalo ndilo la chini kabisa la kufaulu, linaanzia alama 30 tu kati ya 100. Ninaamini kwamba alama nyingi zinazopotea ni za hatua ambazo mtoto alizijua na hakuziandika, au aliziandika pembeni kisha akazifuta ili karatasi ipendeze. Nawaomba wanafunzi msifute. Hatua yenye kosa ipigwe mstari mmoja, ibaki inasomeka, kwa sababu hapo ndipo ninapoona mlipopotea.

Sasa nizungumzie aljebra, kwa kuwa ndiyo inayowatisha wazazi wanapofungua daftari la mtoto na kukuta herufi mahali walipozoea kuona namba. Mama mmoja amekwenda sokoni akanunua kilo tatu za mchele, akaomba apunguziwe, muuzaji akamtolea shilingi 200, naye akalipa shilingi 8,800. Akifika nyumbani jirani anamwuliza mchele unauzwaje. Mama hachukui kalamu. Anairudisha kwanza ile 200 aliyopunguziwa, anapata 9,000, kisha anagawa kwa tatu, anajibu kwamba kilo ni shilingi 3,000. Mwanafunzi wetu ataandika 3x − 200 = 8,800, atajumlisha 200 pande zote mbili, atapata 3x = 9,000, na mwisho x = 3,000. Hatua ni zilezile na mpangilio ni uleule; herufi x ni bei ambayo jirani hakuwa anaijua. Hata neno aljebra limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kurudisha au kuunga kilichovunjika, ambalo mwanahisabati al-Khwarizmi alilitumia huko Baghdad katika karne ya 9 kwa kitendo hichohicho alichokifanya mama, cha kukirudisha kiasi kilichoondolewa. Mama huyo anafanya aljebra kila siku ya gulio, na mwanawe akiambiwa hivyo mapema hataiogopa.

Ndiyo maana nasema mzazi aliyeishia darasa la saba ana kazi kubwa ya kufanya, na kazi hiyo haihitaji ajue kilichomo kwenye kitabu. Jioni moja au mbili kwa wiki, mwombe mtoto afungue daftari, achague swali moja tu, akueleze kwa Kiswahili alichofanya, hatua kwa hatua, na kila akiruka hatua umwulize: hapa umepataje? Mtoto anayeelewa ataeleza, tena kwa furaha. Aliyekariri atakwama, na pale atakapokwama ndipo utakapoweka alama kwa penseli ili mimi nipaone kesho yake. Ninaona jambo hili lina faida kuliko twisheni nyingi mnazolipia kwa shida, ambako mtoto huongezewa maswali kabla hajajua alipokosea katika yale ya kwanza.

Kuna maneno ambayo nawaomba yasisemwe nyumbani. Mtu asimwambie binti kwamba Hisabati ni ya wavulana, wala asimwambie mtoto yeyote kwamba katika ukoo wetu hatukujaliwa hesabu. Mtoto hupata ruhusa ya kuacha kujaribu pale tu anapoisikia sentensi hiyo kutoka kwa mtu anayempenda, na mimi darasani sina nguvu ya kuifuta. Kwa upande wangu ninaahidi mbele yenu kwamba hakuna mwanafunzi atakayechekwa wala kuchapwa kwa kukosea swali.

Kuhusu vifaa, vinahitajika kaunta buku moja la kazi za darasani, daftari dogo la mazoezi ya nyumbani, mkebe wenye bikari na kipimapembe, rula na penseli. Mkebe wa bei nafuu unatosha. Muhimu ni bikari isilegee. Asiyeweza kununua kwa sasa aje tuzungumze faragha, na mtoto asibaki nyumbani kwa sababu hiyo.

Tutaanza na namba na sehemu, tutaendelea na vipimo, maumbo na aljebra, na sitakwenda mada ya pili kabla ile nusu na robo haijatulia katika kila daftari. Kwa hiyo zoezi la kwanza ninalitoa sasa, mzazi na mtoto mlifanye pamoja leo jioni. Nusu ya shamba imepandwa mahindi, theluthi imepandwa alizeti, na sehemu iliyobaki haijapandwa kitu. Chora shamba hilo kama mstatili, ligawe katika vipande sita vilivyo sawa, kisha onyesha mahindi yamechukua vipande vingapi, alizeti vingapi, na vimebaki vingapi. Mtoto aandike hatua zote, na mzazi aweke sahihi chini ya mchoro akishaelezwa na kuridhika. Nitayakusanya madaftari kesho kabla ya kengele ya kipindi cha kwanza.