Sekunde 90 Hadi kwa Majeruhi

Wazee wetu wa mlima Kilimanjaro, shikamooni. Waongozaji, wapishi, na ninyi wagumu, wabeba mizigo mlioshuka jana jioni mkakubali kuja kukaa hapa badala ya kulala, hamjambo na asanteni sana. Nimeombwa niseme juu ya vazi lenye injini za jeti, ambalo mtu hulivaa akaruka kwenda kuwafikia walioumia milimani. Wengi mmeiona ile video kwenye simu.

Mahali penyewe ni bonde la Langdale, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, katika ile nchi ya vilima na maziwa wanayoiita Lake District. Septemba 2020, shirika la hisani la Great North Air Ambulance, linaloendesha helikopta za wagonjwa, lilifanya zoezi huko. Wakajifanya kuna msichana wa miaka 10 ameanguka kwenye genge na kuumia vibaya mguu. Kutoka bondeni hadi alipolala, kwa miguu, ni dakika 25. Richard Browning, mwanzilishi wa kampuni ya Gravity Industries na mbunifu wa vazi lenyewe, aliwasha injini akamfikia kwa sekunde 90.

Mimi ni tabibu wa dharura. Nikisikia dakika 25 upande mmoja na sekunde 90 upande wa pili, akili yangu haiendi kwenye mwendo, inakwenda kwenye damu. Mshipa mkubwa wa paja ukikatika, mtu anaweza kutufia mikononi ndani ya dakika chache, na kinachomwokoa ni mkanda tu, ukazwe na mtu anayejua pa kuukazia. Moyo ukisimama ndiyo mbaya zaidi. Kila dakika inayopita bila kubonyezwa kifua na bila ile mashine ya kushtua moyo inakula kama asilimia 7 hadi 10 ya nafasi ya kupona. Pigeni hesabu wenyewe mpaka dakika ya 25 muone kinabaki nini.

Ndiyo maana Andy Mawson, mhudumu wa dharura na mmoja wa viongozi wa shirika lile, alilishika wazo hili. Vazi halikubuniwa kwa ajili ya wagonjwa. Yeye ndiye aliyetazama ramani ya ajali za eneo lake, akaona watu wanaumia palepale kila mwaka, kwenye miteremko ambako helikopta mara nyingi inatua mbali na mgonjwa halafu mhudumu anapanda na mkoba mgongoni. Kile kipande cha mwisho ndicho alichotaka kukifupisha.

Sasa vazi lenyewe. Lina injini tano ndogo: mbili kila mkono na moja mgongoni. Kwa pamoja zinatoa nguvu ya farasi zaidi ya 1,000. Linachoma mafuta ya ndege, na dizeli pia linakubali. Usukani ni mikono: ukiielekeza chini unapanda, ukiitanua kando nguvu inapungua unashuka. Browning huruka chini chini, akifuata mgongo wa ardhi, ili hitilafu ikitokea asianguke kutoka juu sana. Mafuta yanatosha dakika 5 hadi 10, basi. Kwenu zinaweza kuonekana chache, lakini mtu wa kwanza kuruka kwa mkanda wa roketi wa kampuni ya Bell huko Marekani, Harold Graham, tarehe 20 Aprili 1961, alikaa hewani sekunde 13 na kwenda mita 34 hivi. Kwa miaka mingi baada ya hapo kitu hiki kilibaki maonyesho ya uwanjani. Dakika 5 ndizo zilizokitoa uwanjani kikaingia mlimani.

Na mwaka 2022 mlima ulikuwa mlima kweli. Helvellyn, hukohuko Lake District, una mita 950, na mpandaji wa kawaida hutumia zaidi ya saa moja kufika kileleni. Vazi lilipanda kwa dakika tatu na nusu. Mwaka huohuo wahudumu wa dharura wa shirika walikuwa wanafundishwa kuruka wenyewe. Hilo kwangu lina uzito kuliko rekodi yoyote, kwa sababu rubani hodari asiyejua kufunga jeraha akifika juu ni mtazamaji tu.

Naomba mnisikilize hapa, maana hapa ndipo video inapowadanganya watu. Vazi lile halibebi mgonjwa. Mikono yote miwili ya anayeruka imevalishwa injini. Anachoweza kubeba ni dawa kali ya maumivu, mashine ya moyo, vitu vya kuzuia damu, na ujuzi wake. Akitua, anavua, anaanza kazi, halafu anasubiri machela kama tunavyosubiri sisi. Kule Lake District machela inaletwa na vikosi vya watu wa kujitolea, wanaoacha kazi zao simu ikilia. Vazi halijawaondoa hata mmoja wao.

Je, Kilimanjaro? Najua swali hilo ndilo lililowaleta. Injini ya jeti hula hewa, na hewa yetu ni nyepesi. Pale kambi ya Kibo, mita 4,720, mgandamizo wa hewa ni zaidi kidogo ya nusu ya ule wa Tanga. Injini inapoteza nguvu, lakini uzito wa mtu na mkoba wake haupungui. Kilichofanywa mita 950 hakiwezi kuhamishwa tu mpaka kambi ya Barafu.

Halafu magonjwa yetu si yao. Wao wanavunjika miguu. Sisi tunao hao pia, lakini anayetutia hofu usiku ni yule aliyejaa maji mapafuni, au anayeyumba kama mlevi kwa sababu ubongo umevimba. Oksijeni na dawa zinamsaidia, ila tiba yake ni kushuka, na kushuka sasa hivi. Anayemshusha ni ninyi, na ile machela ya gurudumu moja, gizani, mawe yakiteleza chini ya buti. Nimetembea nyuma ya machela ile. Nimeona mgumu wa miaka 20 akivua koti lake kumfunika mgeni asiyemjua jina.

Kwa hiyo ninachokitaka kutoka Langdale ni kile alichofanya Mawson kabla ya injini yoyote kuwashwa: kuweka alama kwenye ramani. Kila mmoja wenu anajua wapi watu huanza kuyumba, wapi huteleza, na machela ya karibu iko umbali wa dakika ngapi. Mambo hayo yamo vichwani mwenu, hayajaandikwa popote ninapoweza kuyasoma. Nimebandika ramani pale ukutani, kalamu ziko mezani. Kabla ya chai, tuanzie kambi ya Kibo hadi Gilman's, kule juu ukingoni mwa kreta. Nani alishusha mtu njia hiyo msimu huu?