Mita 60, lakini kutoka wapi?

Ndugu wenyeviti wa vijiji, maofisa ardhi, na wajumbe wa kamati za usimamizi wa matumizi ya ardhi, hatua sita za kupanga ardhi ya kijiji mnazijua, sitazirudia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya 2004 nacho mnakijua: hakuna shughuli ya kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Mipango ya vijiji inainakili sentensi hiyo neno kwa neno. Nami nauliza swali lile lile ninalouliza kila nikialikwa: mita 60 kutoka wapi?

Timu ya wilaya hufika kijijini kiangazi, maana ndipo barabara zinapitika. Mto wenye upana wa mita 40 wanaukuta Oktoba una maji ya mita 6 tu katikati, kwingine kote mchanga. Mtu anashika utepe, anaanzia pale maji yalipo. Mita 17 za mchanga zimeshahesabiwa ndani ya hifadhi ya mto, kwa hiyo kutoka ukingo halisi zinabaki 43. Kwa kila kilometa moja ya mto, upande mmoja peke yake, mmepoteza zaidi ya ekari 4. Hakuna aliyevunja sheria. Utepe ndio ulianzia pasipo pake.

Ukingo ni pale mto unapojaa masika kabla haujamwagika nje. Tazameni mahali mteremko wa kingo unapokatika na kuwa tambarare, na mimea ya kudumu inapoanzia. Takataka zilizonasa juu kwenye matawi zisiwachanganye: hizo zinaonyesha kimo cha mafuriko makubwa, si ukingo. Mkishakubaliana, pigilieni vigingi, kisha nyosheni utepe wa mita 30 mara mbili, pembe mraba na mto. Penye mteremko utepe ushikwe mlalo kabisa. Mkiulaza juu ya udongo mnapunja tena. Bikoni, yaani alama za kudumu za mpaka, zikae kwenye kila kona, na kati ya kona zikae kiasi kwamba aliyesimama kwenye moja anaiona inayofuata.

Najua kuna anayetaka kuniambia kwamba mstari tayari upo kwenye ramani. Ramani ipi? Kwenye ile ya skeli ya 1:50,000, mita 60 ni milimita 1.2. Mstari wa kalamu wenye unene wa nusu milimita peke yake unafunika mita 25 za ardhi. Mgogoro ukifika baraza la ardhi la kijiji, ramani hiyo haimsaidii mtu. Angalau sehemu ya mto ichorwe kwa 1:10,000, ambapo mita 60 zinakuwa milimita 6, na namba za bikoni ziandikwe ndani ya sheria ndogo yenyewe.

Na wenye vinyungu, bustani za mabondeni kando ya mto, je? Swali la haki kabisa, na wapangaji wengi wanalikwepa. Kabla ya mkutano mkuu wa kijiji kupiga kura, kila mwenye shamba ndani ya mita hizo aorodheshwe, ukubwa wa shamba lake upimwe, na eneo mbadala lionekane kwenye mpango huo huo, likiwa ardhi inayolimika. Mkiruka hapo, mikono itanyooshwa mkutanini na bikoni zitang'olewa usiku. Familia yenye njaa haiwezi kungoja mpango wa miaka 10.

Muda unakimbia, kwa hiyo haya nayataja tu. Mto ukiwa ndio mpaka wa vijiji viwili, vijiji vyote viwili vipange kwa pamoja. Upande mmoja ukilimwa, udongo unaingia mto ule ule. Msipande mikaratusi kwenye vyanzo. Mifugo itengewe njia moja ya kwenda majini, au birika nje ya mita 60.

La mwisho siliachi hata mkinipigia kengele. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi mwaka 1993, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambako hakuna shamba hata moja kando ya mto. Kingo ni nzima, miti ipo, mita 60 zimetimia na kupita. Maji yalikuwa yamechepushwa juu huko kwenye bonde la Usangu, kwenye mifereji ya umwagiliaji, hata yale ya kinamasi cha Ihefu yakashuka chini ya mwamba wa N'Giriama ulio kwenye mlango wa kutokea maji, na chini ya hapo hayatoki tena. Kwa hiyo rasimu isiende mkutano mkuu kabla bodi ya maji ya bonde na jumuiya ya watumia maji hawajaleta orodha ya vibali: nani anachepusha, lita ngapi kwa sekunde, miezi ipi. Kila banio, yaani kizuizi cha kuchepushia maji, lichorwe kwenye ramani ile ile yenye bikoni, na sheria ndogo itaje tarehe ya kufunga geti na jina la cheo cha anayeshika ufunguo.