Usimfiche Dokta: Fomu ya T2201 na Ndugu Zetu Wenye Ulemavu

Haya asanteni, kaeni, wale wa nyuma sogeeni huku mbele kuna viti. Najua wengine mlishanisikia nikiyaongea haya, nimeyaongea kanisani, nimeyaongea msikitini, kuna msiba niliyaongea mpaka mzee mmoja akaniambia mwanangu tumzike kwanza marehemu. Ntayarudia tu, manake kila msimu wa kodi hapa Edmonton zinakuja familia mpya na tatizo lilelile la mwaka jana.

CRA, wale wa mamlaka ya kodi ya Kanada, siwaelezi, mnawajua na wao wanawajua. Leo naongelea lile punguzo la kodi la ulemavu, wengi mnaliita DTC, na fomu yake T2201. Ina sehemu A na sehemu B. A unajaza wewe, jina, tarehe ya kuzaliwa, nani anamwombea nani. B anajaza dokta, au nesi wale wenye leseni ya kutibu, na kwa baadhi ya vipengele hata fiziotherapisti au mwanasaikolojia anaweza. Sasa watu wanakuja kwangu wamehangaika na sehemu A, oh jina langu la Kongo ni refu haliingii kwenye vibox. Sehemu A haijawahi kumwangusha mtu! Mnaangukia B, na mnaangukia mkiwa mmekaa mbele ya dokta, dakika kumi tu, mnatabasamu.

Kuna mama mmoja wa humuhumu kwetu, jina simtaji na msianze kugeuka kuangaliana. Ana mtoto wa kiume wa miaka tisa, ana usonji. Mama kaenda kwa dokta na fomu yake. Dokta akamuuliza, anavaa mwenyewe? Anavaa. Anakula mwenyewe? Anakula vizuri tu, tunamshukuru Mungu. Usiku analala? Analala. Kwa ujumla anaendeleaje? Anaendelea vizuri dokta, asante sana. Dokta naye ni binadamu, ana wagonjwa foleni mpaka nje, akaandika alichoambiwa. Barua ya CRA ikarudi, hapana, mtoto hatimizi masharti. Mama akaja kwangu na hiyo barua amefura, anasema hawa watu ni wabaguzi, wametuona weusi.

Nikamwambia mama kaa hapo, wabaguzi tutawajadili baadae, kwanza nisimulie asubuhi yako. Anaamka saa kumi na moja. Mtoto anavaa shati, analivua, kwasababu ya ile lebo ya shingoni, anavalishwa lingine, analivua. Suruali anaingiza mguu mmoja halafu anaganda pale anaangalia dirisha, na mama akitoka tu chumbani kwenda kugeuza chapati, akirudi anamkuta vilevile, mguu mmoja ndani mmoja nje. Dakika arobaini na tano, wakati mdogo wake wa miaka sita anavaa dakika tano na kuomba biskuti. Chakula mchuzi ukigusa wali ameshakataa, inaanza vita. Usiku analala, ndio, mama hakusema uongo, ila wameweka komeo juu kabisa ya mlango asipofika, kwasababu kuna siku ya Januari alitoka nje saa nane usiku bila viatu, na Januari ya hapa mnaijua. Nikamuuliza, haya yote ulimwambia dokta? Akasema, dokta hakuniuliza habari za mlango.

Sasa nisikilizeni vizuri manake hii ndo sababu nimekuja. Ile fomu haiulizi mtu ana ugonjwa gani. Unaweza kuwa na ugonjwa wenye jina refu kuliko barabara ya hapo nje na wakakukataa. Inauliza huyu mtu kuvaa, kula, kutembea, kuongea, kusikia, kuona, kwenda chooni, na kazi za akili za kila siku kama kukumbuka, kutulia, kujua hatari, anashindwa kabisa au anachukua muda mrefu kupita kiasi? Na kupita kiasi wameeleza, ni mara tatu ya mtu wa umri wake asiye na hilo tatizo. Iwe hivo karibu muda wote, wenyewe wanasema asilimia 90, na iwe imedumu au inatarajiwa kudumu miezi 12 mfululizo. Na wanaangalia hali yake akiwa tayari anatumia dawa zake na vifaa vyake kama fimbo, bado anashindwa au bado anachukua muda huo? Kwahiyo mama alipojibu "anavaa" alijibu swali la jirani, siyo la fomu. Jibu la fomu lilikuwa anavaa kwa dakika arobaini na tano huku mimi nimesimama juu yake.

Tulichofanya siyo muujiza. Akachukua daftari, wiki kadhaa akaandika kila siku, saa, kitu gani, muda gani, nani alimsaidia. Mwalimu wake akaandika barua. Akarudi kwa dokta na hilo daftari, dokta akasoma akashika kichwa, akasema mbona hukuniambia. Akaandika maelezo mapya yakatumwa CRA waangalie tena, wakakubali, na wakarudi nyuma miaka ambayo dokta alithibitisha hali ilikuwepo. Wanaruhusu kurudi nyuma mpaka miaka 10, na kwenye fomu kuna sehemu ya kuwaambia warekebishe wenyewe zile ritani za nyuma, yaani taarifa zako za kodi za miaka iliyopita, iwekeni tiki jamani, watu wanairuka! Na ukiona bado wamekosea una siku 90 za kuweka pingamizi rasmi, hiyo barua usiifiche chini ya godoro.

Najua mnachosema kimoyomoyo. Mama mwingine aliniambia usoni, ulimi unaumba, nikikaa pale nikasema mwanangu hawezi hiki hawezi kile nitakuwa namlaani mwenyewe. Nikamuuliza, ukienda kwenye maombi mchungaji unamwambiaje? Si unamwambia kila kitu mpaka anachoota? Mchungaji unampa ripoti kamili bure, dokta mwenye kalamu unampa salamu. Akacheka lakini alielewa. Tumelelewa hivo, mgonjwa wa nyumbani hasemwi nje, ukiulizwa hali unashukuru, na mimi silaumu, ni heshima yetu. Ila ile siku moja ya T2201 iache heshima kwenye gari.

Wengine mnaogopa mtoto ataandikwa chizi serikalini, atanyimwa uraia. Hapana. Sheria ya kodi inawakataza CRA kutoa habari zako hovyo, shule hawaioni, na fomu ya uraia haiulizi kama una DTC.

Halafu kuna huyu ambaye hakosekani, ananiambia mimi sifanyi kazi, silipi kodi, punguzo litanisaidia nini? Swali zuri, na nusu ya kwanza uko sahihi, hili punguzo haligeuki hela mkononi, linakula kodi uliyotakiwa kulipa, ikifika sifuri linaishia hapo. Kwa mwaka wa 2024 kiwango cha mtu mzima kilikuwa dola 9,872, wanachukua asilimia 15 yake, kwahiyo kwenye kodi ya shirikisho ni kama dola 1,480, na mkoa una lake juu yake. Mtoto chini ya miaka 18 anaongezewa mpaka dola 5,758 kwenye hicho kiwango. Lakini kama mwenye ulemavu hana kodi ya kupunguziwa, kinachobaki kinahamia kwa ndugu anayemtunza! Mume, mke, mzazi, mtoto, mjukuu, kaka, dada, mjomba, shangazi, mpwa. Una baba amepooza kwa kiharusi unaishi naye unamlisha unamvisha, yeye anapata pensheni kidogo, lile punguzo lake wewe unalidai kwenye mstari wa 31800 wa ritani yako. Mko ndugu wawili mnachangia kumtunza? Mnagawana, ila jumla isizidi kiwango cha mtu mmoja, siyo kila mmoja adai lote halafu mje kulia kwangu.

Wale mliofanya kazi Nairobi mmezoea msamaha wa mwenye ulemavu mwenyewe kwenye mshahara wake, ile shilingi 150,000 ya kwanza ya mwezi. Ndo maana hamfikirii kwamba hapa mtunzaji naye anahusika.

Na hata usipolipa senti ya kodi, DTC ni kama kadi ya kliniki, bila hiyo hupokelewi dirishani. Mtoto akishakubaliwa, kwenye ile hela ya watoto ya kila mwezi anaongezewa, kwa kipindi cha Julai 2025 mpaka Juni 2026 ilikuwa mpaka dola 3,411 kwa mwaka kutegemea kipato cha familia. Mtu mzima wa miaka 18 mpaka 64 mwenye kipato kidogo kuna ile faida mpya ya ulemavu iliyoanza kulipwa Julai 2025, ilianza na mpaka dola 200 kwa mwezi, na ndio, najua, walio kwenye AISH, ile posho ya mkoa wetu wa Alberta kwa wenye ulemavu, serikali ya Alberta inazikata zilezile 200, nimekasirika kama nyie, tusiingie huko tutakesha. Ila msichanganye, kuwa kwenye AISH hakumaanishi una DTC. Ni maombi mengine na masharti mengine. AISH wanaangalia kama unaweza kufanya kazi, DTC kazi haiwahusu.

Dakika tano? Mwenyekiti, nimeongea nini mimi... sawa. Haraka basi.

Selimundu, ule ugonjwa wa damu. Familia nyingi za Kongo hapa mnayo. Haikubaliwi moja kwa moja kwa jina, lakini kuna kipengele cha athari zikijumlishwa, kutembea kuna shida kubwa na kuvaa kuna shida kubwa, kimoja peke yake hakifikii sharti ila kwa pamoja vinafikia, mwambie dokta akiangalie. Kisukari aina ya kwanza, wale wa insulini, tangu mwaka wa kodi 2021 wanahesabiwa wametimiza sharti la tiba ya kudumisha uhai, hiyo ni njia nyingine ya kukubaliwa DTC.

Makampuni yanayowapigia simu oh tutakujazia tunakata asilimia 20, asilimia 30 ya hela yako. Fomu ni bure. Dokta anaweza kukutoza kidogo, risiti itunze inaingia kwenye gharama za matibabu. Kuna kliniki za kodi za kujitolea, bure pia.

RDSP, akiba ya watu wenye ulemavu, nilitaka niiongelee nusu saa nzima. Serikali inaweka mpaka dola 70,000 za kuchangia akiba na 20,000 nyingine hata usipoweka kitu kama kipato ni kidogo, hizo ni za maisha yote siyo za mwaka, bila DTC akaunti haifunguki. Niiteni siku nyingine.

Naona mkono. Ndio dada. ...Anauliza mama yake yuko Bujumbura, haoni, yeye ndo anamtumia hela kila mwezi, anaweza kudai? Hapana dada yangu. Lazima awe mkazi wa Kanada japo sehemu ya mwaka huo. Pole. Ila huyu kaka yako uliyekaa naye hapo, mwenye mguu, yeye mlishamjazia? Mbona mnaangaliana? Njooni hapa mezani wote wawili, mje na majibu ya ukweli.